Namna ya Kupasua Jicho la Ng'ombe na Kuiona Retina: Mwongozo Kamili

Wanaoniuliza kuhusu zoezi hili huleta malalamiko matatu yasiyobadilika: lenzi ilikatwa vipande viwili, ute ulimwagika mezani kabla haujatazamwa, na retina haikuonekana kabisa. Baada ya hapo mwanafunzi hufungua kitabu, akanakili mchoro uliomo, akaandika majina ya sehemu ambazo hakuziona, na zoezi likahesabiwa kuwa limefanyika.

Kosa si uzito wa mikono. Jicho hukatwa kama nyama, kwa kulikandamiza kwa vidole na kulipitishia kisu, ilhali jicho ni mfuko uliojaa maji na ute, na tabaka lake la thamani kuliko yote, yaani retina, utando unaopokea mwanga, limelala juu ya ukuta wa ndani bila kushikizwa imara isipokuwa pale neva inapotokea na kwenye ukingo wake wa mbele. Ukilibana, umeliharibu kabla hujaanza. Hatua zote zilizomo humu zimepangwa kwa sababu hiyo moja.

Tenga vipindi viwili mfululizo vya dakika 40. Ukilazimika kukatisha kazi, ikatishe baada ya hatua ya 3, kabla jicho halijatobolewa, na uimalize siku hiyo hiyo.

Vifaa vinavyohitajika

- Macho 2 ya ng'ombe kwa kila kikundi cha wanafunzi 4; la pili ni la akiba.
- Wembe mpya wa maabara wenye mpini. Wembe wa kawaida unafaa pia, mradi upande wake mmoja ufunikwe kwa plasta nene.
- Mkasi mdogo ambao ncha yake moja ni butu.
- Vibano 2 vya maabara.
- Trei ya plastiki, kitambaa cha pamba, na bakuli lenye kina cha sentimita 10 hivi, jeupe ikiwezekana.
- Maji safi lita 3 yaliyotiwa chumvi, kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana kwa kila nusu lita.
- Glavu, miwani ya kinga na aproni kwa kila anayeshika jicho.
- Gazeti, karatasi nyeupe, penseli, rula na tochi ya simu.
- Sabuni, dawa ya klorini na mfuko imara wa taka.

Chumvi isidharauliwe. Maji matupu huingia kwenye tishu na kuzivimbisha, na retina iliyovimba huwa utando mweupe unaochanika ukiguswa tu.

Kulipata jicho linalofaa

Nusu ya kushindwa hutokea machinjioni. Mchinjaji aliyezoea kuuza kichwa kizima kwa wapika supu hana sababu ya kulitoa jicho kwa uangalifu. Akiambiwa ghafla alfajiri, atalichokonoa kwa ncha ya kisu na kukupa mfuko uliokwisha kutoboka. Nenda jioni iliyotangulia, umweleze kwamba unataka jicho pamoja na kope zake na nyama inayolizunguka, likatwe kwa kuufuata mfupa wa tundu lake, na neva ya nyuma iachwe ndefu kadiri inavyowezekana. Mwoneshe kwa kidole kwenye kichwa kilichopo mezani, kwa maana maelezo ya mdomo hayatoshi.

Chukua macho ya mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama tu, mwenye mhuri. Katika nchi zetu brusela, kimeta na homa ya Bonde la Ufa ni magonjwa ya kweli ya mifugo, na yote matatu humpata binadamu anayeshika tishu za mnyama mgonjwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe asikaribishwe maabara hata kama anatolewa bure.

Jicho likitoka, liweke kwenye mfuko wenye maji kidogo ya chumvi, kisha kwenye friji ya kawaida, na ulitumie ndani ya saa 24. Lisigandishwe. Niliwahi kupokea macho 20 yaliyolala usiku kucha kwenye friza kwa nia njema ya mhudumu wa jikoni. Yalipoyeyuka, lenzi zote zilikuwa nyeupe kama chokaa na ute ulikuwa maji matupu, kwa sababu chembe za barafu huharibu mpangilio laini wa tishu.

Lenzi ya ndama iliyotoka kwenye friji ya kawaida inaweza pia kuonekana na ukungu, lakini huo si ukungu wa kudumu. Iache kwenye joto la chumba kwa muda, nayo itaangaza tena yenyewe.

Hatua ya 1: Tambua juu, chini, na upande wa pua

Weka jicho kwenye trei, konea, yaani dirisha angavu la mbele ya jicho, ikikutazama. Konea ya ng'ombe si duara kamili. Ina umbo la yai, na ncha yake pana huelekea puani. Geuza jicho utazame neva: hutokea chini kidogo ya katikati. Ukiliweka jicho neva ikiwa upande wa chini, kisha ukalitazama kwa mbele ukaona ncha pana ya konea iko kuliani kwako, hilo ni jicho la kulia la ng'ombe.

Hili si pambo. Huko mbele utaona kwamba nusu ya juu ya ukuta wa ndani haifanani na nusu ya chini, na asiyejua juu ni wapi hatapata maana ya anachokiona. Acha kipande kidogo cha msuli upande wa juu kiwe alama yako.

Hatua ya 2: Ondoa mafuta na misuli kwa mkasi

Kata kope na mafuta kwa mkasi, kidogo kidogo, ukielekeza ncha butu kwenye jicho. Wembe usitumike hapa, kwa sababu mafuta huteleza, na wembe ukiteleza utaingia ama kwenye jicho ama kwenye kiganja cha mwenzako.

Kabla ya kuitupa misuli, ihesabu. Kuna misuli minne iliyonyooka na miwili ya mshazari, sawa na ya binadamu, lakini ng'ombe ana pia msuli mwingine unaoizunguka neva na ambao hulivuta jicho ndani ya tundu lake anapotishwa. Sisi hatuna msuli huo. Kwenye pembe ya puani utaona pia kope ya tatu, kipande cha utando chenye gegedu ndani yake. Kwa binadamu kimebaki kikunjo kidogo cha rangi ya waridi ambacho unaweza kukiona kwenye kioo.

Umefaulu ukiwa na tufe jeupe lenye kikonyo cha neva cha sentimita 1 hivi, mfano wa tunda lililochumwa na kikonyo chake. Tufe hilo linakaribia sentimita 4 kwa upana, na lako lina sentimita 2.4 tu.

Hatua ya 3: Itazame konea kabla ya kuigusa

Iangazie konea kwa tochi kutoka ubavuni. Jicho la saa chache huwa wazi, nawe utaiona irisi, pete yenye rangi inayoizunguka mboni, ya kahawia iliyokoza na mboni iliyolala mlalo. Jicho lililokaa muda mrefu huwa na ukungu wa buluu.

Ukungu huo una maelezo yanayofaa kuandikwa daftarini. Konea haina mishipa ya damu, na uangavu wake hutegemea safu ya seli za ndani ambazo katika uhai hufanya kazi ya pampu na kuyatoa maji yanayoinyemelea. Mnyama akifa, pampu husimama, maji huingia, na konea huvimba na kuwa nyeupe. Kwa hiyo ukungu haukwambii kwamba jicho ni bovu. Unakwambia limekaa muda gani. Unaweza kuendelea na kazi.

Hapa pia ndipo pa kurekebisha kosa moja la mitihani. Wengi huandika kwamba lenzi ndiyo inayopinda mwanga zaidi. Katika jicho la binadamu konea peke yake hufanya takriban theluthi mbili ya kazi hiyo, kwa kuwa ndipo mwanga unapotoka hewani na kuingia kwenye maji; lenzi hukamilisha iliyobaki na kurekebisha umbali.

Hatua ya 4: Toboa konea ubavuni na uyatoe maji ya mbele

Vaa miwani ya kinga. Laza jicho juu ya kitambaa kilicholowa, ulishike kwa kitambaa hicho bila kulibana, na uingize ncha ya wembe karibu na ukingo wa konea, wembe ukiwa sambamba na irisi, wala usielekezwe katikati. Tundu la milimita 5 linatosha.

Onyo: maji yaliyo nyuma ya konea yako chini ya presha, na jicho lililobanwa huyarusha hadi usoni. Onyo la pili: wembe ukielekezwa katikati utapita kwenye mboni na kuikata lenzi, na hapo ndipo zile lenzi za vipande viwili zinapopatikana.

Kinachotoka ni maji mepesi yasiyo na rangi, matone machache. Hayo ndiyo yanayoilisha konea na lenzi, ambazo hazina damu. Hutengenezwa nyuma ya irisi, hupita kwenye mboni, kisha hutoka kupitia vichujio vilivyo kwenye pembe baina ya irisi na konea. Njia ya kutokea ikiziba na utengenezaji ukaendelea, presha hupanda na kuiumiza neva iliyo nyuma. Glakoma nyingi, ambayo watu huiita presha ya macho, huanza hivyo, na mara nyingi bila maumivu yoyote.

Umefaulu endapo konea imenywea kidogo na jicho bado ni zito na lenye umbo.

Hatua ya 5: Kata ukuta kuzunguka kiuno cha jicho

Hii ndiyo hatua inayoharibu kazi za watu wengi, basi isomwe mara mbili.

Tafuta mstari wa katikati baina ya ukingo wa konea na kikonyo cha neva. Ukuta mweupe hapo ni mgumu kama ngozi ya kiatu, na mwanafunzi akiona wembe hauingii huongeza nguvu. Ukuta ukikubali, wembe huzama wote mpaka ndani. Badala ya kusukuma, pitisha wembe juu ya mstari mmoja mara nyingi kwa wepesi, kama unayefuta penseli kwa ufutio. Baada ya mara 10 au 15 utaona mstari mweusi. Huo ni koroidi, tabaka la damu na rangi lililo chini ya ukuta mweupe. Pitisha mara moja au mbili zaidi, na ute angavu utachungulia. Simama hapo.

Weka wembe chini kabisa, uchukue mkasi. Ingiza ncha butu kina cha milimita 2 au 3 tu, unyanyue ukuta kwa nje kila unapokata, na uzunguke jicho polepole huku mwenzako akiligeuza. Mkasi ukielekea ndani utaikata retina na kuung'oa ute pamoja nayo.

Usimalize mzunguko. Acha sentimita 1 iwe bawaba, kisha lipeleke jicho kwenye bakuli la maji ya chumvi.

Hatua ya 6: Lifungue jicho ndani ya maji, konea ikiwa chini

Walimu wengi hulifungua jicho juu ya trei kavu, na nadhani hii ndiyo sababu kuu ya retina kutoonekana. Retina ni nyembamba kuliko karatasi. Ikiwa hewani, hukunjamana na kubaki kama kamasi inayofutwa na kutupwa. Ikiwa ndani ya maji, huelea na kutanda.

Lizamishe jicho konea ikiangalia chini, ukate bawaba uliyoiacha, ushike ukingo wa nusu ya nyuma kwa kibano na uinyanyue taratibu, kama unayefunua sufuria yenye mvuke. Nusu ya mbele ibaki chini na ute wake. Endapo ute unang'ang'ania nyuma, usivute. Ingiza mpini wa wembe baina yake na ukuta, uutenganishe kwa kuzungusha.

Sasa tazama ndani ya kikombe cha nyuma. Utando wa rangi ya maziwa, uliokunjamana kidogo kama malai juu ya maziwa yaliyopoa, wenye mistari myembamba ya damu, ndio retina. Kama haumo kikombeni, tazama juu ya ute: mara nyingi umebaki umeganda hapo, na unaweza kuutazama papo hapo.

Urahisi huo wa kubanduka wapaswa kukumbukwa. Katika jicho hai, retina hukaa mahali pake kwa sababu seli za rangi zilizo chini yake hunyonya maji bila kukoma na kuivuta ukutani, na ute huiegemea kwa mbele. Kwa mtu anayeona mimweko ya ghafla au pazia jeusi likishuka upande mmoja wa jicho, retina yake huenda inabanduka, naye anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Tafuta doa pofu, kisha ukuta unaong'aa

Kwa kibano, ikusanye retina kutoka kingoni kuelekea katikati. Itakusanyika yote, kisha itagoma mahali pamoja. Geuza kikombe: mahali hapo ndipo kikonyo cha neva kilipo upande wa nje. Hilo ndilo doa pofu, na mwanafunzi aliyelishika kwa kibano hahitaji tena kulikariri. Nyuzi za neva kutoka retina nzima hukusanyika hapo na kutoka, na kwa kuwa zimeijaza nafasi yote, hapakubaki mahali pa kipokezi hata kimoja cha mwanga.

Vipokezi vyenyewe havionekani bila hadubini, lakini mpangilio wake unashangaza. Viko upande wa nyuma wa retina, vikiwa vimeupa mwanga mgongo, hivi kwamba mwanga hupita kwanza kwenye safu za seli za neva ndipo uvifikie. Binadamu ana seli fimbo takriban milioni 120 kwa kila jicho, zinazofanya kazi kwenye giza na hazitofautishi rangi, na seli koni takriban milioni 6 kwa mchana na rangi. Habari zao zote hupita katika neva yenye nyuzi zipatazo milioni 1, kwa hiyo retina yenyewe hufupisha na kuchuja kabla ya kutuma kitu kwenye ubongo.

Utendaji wa kipokezi cha mwanga huwachanganya wanafunzi, kwa sababu ni kinyume cha vipokezi vingine. Kipokezi cha mguso hukaa kimya mpaka kiguswe. Seli fimbo humwaga kemikali yake wakati wa giza, na mwanga ukiifikia hupunguza kumwaga. Ubongo huuona mwanga kwa njia ya kupungua huko. Rangi inayonasa mwanga ndani ya seli fimbo huitwa rodopsini, nayo hutengenezwa kwa vitamini A, na ndiyo sababu mtoto aliyekosa vitamini hiyo huanza kwa kushindwa kuona jioni.

Iondoe retina pembeni uimulike koroidi kwa tochi. Nusu ya juu ya ukuta itawaka kwa kijani na buluu, mfano wa ndani ya kombe la chaza. Darasa lote huinuka hapa, waache watazame. Hiyo ni tapetamu, kioo cha nyuzi kinachourudisha mwanga ambao vipokezi havikuunasa ili vipate nafasi ya pili. Ni hiyo inayofanya macho ya ng'ombe yang'ae barabarani usiku mbele ya taa za gari. Ipo nusu ya juu kwa sababu picha ndani ya jicho hupinduka: mwanga hafifu wa ardhini na majanini huangukia juu, na mwanga mkali wa angani huangukia chini, ambako ukuta ni mweusi.

Binadamu hana tapetamu. Na ng'ombe hana lile doa la njano lenye kishimo ambalo mchoro wa kitabu cha binadamu huonyesha. Mwanafunzi asilitafute, na mwalimu asimpe alama kwa kulichora katika jicho hili.

Hatua ya 8: Itoe lenzi ikiwa nzima

Geukia nusu ya mbele. Inamisha, uache ute uteleze kwenye trei. Utabaki umesimama kama jeli, ingawa karibu wote ni maji. Katikati utaiona lenzi, na kuizunguka kuna pete nyeusi yenye mikunjo kama marinda. Hiyo ndiyo siliari, yenye msuli ndani yake. Baina ya pete na lenzi kuna nyuzi nyembamba mno zinazoishikilia lenzi. Ziangazie kutoka ubavuni ili uzione kabla ya kuzikata.

Kata nyuzi hizo kwa ncha ya mkasi kuzunguka pande zote, kisha uinyanyue lenzi kwa kijiko au kidole. Kibano kisitumike, maana hupasua kifuko cha lenzi.

Isuuze, uiweke juu ya gazeti. Herufi zilizo chini yake zitakuwa kubwa. Kisha ishike kwa vidole viwili kuelekea dirishani, uisogeze karatasi nyeupe nyuma yake, karibu sana, mpaka dirisha litokee kwenye karatasi. Litakuwa limepinduka, juu chini. Lenzi isipotoa picha, ifute tena. Tone la ute juu yake linatosha kuivuruga.

Sasa eleza jinsi jicho linavyobadilisha umbali, na ueleze ukiwa na pete ile mkononi, maana hapa ndipo majibu mengi hugeuka. Wanafunzi huandika kwamba msuli ukikaza huivuta lenzi ikawa bapa. Sivyo. Msuli huu ni pete, na pete ikikaza huwa ndogo. Ikiwa ndogo, nyuzi hulegea. Nyuzi zikilegea, lenzi hujikusanya kwa unyumbufu wake na kuwa nene, na hapo mtu huona vya karibu. Msuli ukilegea, pete hupanuka, nyuzi hukaza, lenzi huwa bapa, na mtu huona vya mbali. Mtu anayesoma muda mrefu huchoka macho kwa sababu msuli wake unafanya kazi, na akitazama upeo wa bahari msuli hupumzika.

Ibonyeze lenzi ya mnyama mzee baada ya ile ya ndama, kama unazo zote mbili. Ya mzee ni ngumu zaidi. Ugumu kama huo ndio unaowafanya watu waliopita miaka 40 na kitu washike simu mbali na uso. Lenzi ikipoteza uangavu wake huitwa mtoto wa jicho.

Hatua ya 9: Ibandue irisi

Hii ni fupi. Vuta irisi kutoka kwenye konea kwa kibano. Hubanduka kama kitambaa cheusi chenye tundu la mviringo uliolala. Vifundo vyeusi kwenye ukingo wa juu wa mboni ni vya kawaida kwa ng'ombe, si ugonjwa. Mboni yenyewe si kitu, ni tundu. Anayeandika kwamba mboni "imetengenezwa kwa" chochote amekosa.

Hatua ya 10: Usafi

Tishu zote ziingie kwenye mfuko mmoja na zizikwe kwa kina au zichomwe, mbwa wasizifikie. Vifaa vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha viloweshwe kwenye klorini, kwa kuwa klorini hupoteza nguvu ikikutana na mafuta na damu. Dakika 10 zinatosha. Chuma kikilala humo hadi kesho yake hupata kutu. Aliyejikata aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni na aende kwa daktari, hata kama jeraha ni dogo.

Hatua ya 11: Litafute doa pofu lako mwenyewe

Mikono ikishakuwa safi, chora msalaba upande wa kushoto wa karatasi, na nukta nyeusi yenye upana wa sentimita 1 upande wa kulia, baina yake kukiwa na sentimita 8. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia ukazie macho msalaba, ukiishika karatasi kwa urefu wa mkono, kisha uisogeze usoni polepole. Karatasi ikifika sentimita 30 hivi, nukta itatoweka, na mahali pake pataonekana karatasi nyeupe, kwa sababu ubongo hujaza pengo kwa kile kilicho jirani. Ukiendelea kuisogeza, nukta itarudi.

Kwa jicho la kushoto, geuza karatasi juu chini ili nukta iwe kushoto. Katika kila darasa hutokea wawili watatu wanaosema kwamba nukta haikutoweka. Karibu wote wameliacha jicho liifuate nukta badala ya kubaki kwenye msalaba. Mwenzake akae mbele yake, aitazame mboni yake wakati karatasi inasogea, na amwambie mara tu inapoyumba.